Kambi ya Kwanza Itetemia

Mtendeni, Tabora, alasiri

Mwanangu,

Usicheke kwanza. Najua ukifika kwenye neno hilo utacheka, na Shangazi atakuuliza kutoka jikoni unacheka nini peke yako kama mwehu. Lakini wewe ndiye uliyeanza. Siku niliyozaliwa ulinipa jina la mama yako, Nyamizi, na tangu siku hiyo hujapata kuniita kwa jina hilo. Unaniita Mama. "Mama, niletee maji ya kunawa." "Mama, umekula?" Nilipokuwa mdogo wageni walikuwa wakigeuka kumtafuta mtu mzima unayemwita, wakaona kitoto chenye kamasi kinatoka na kata ya maji. Jina la Bibi nimelibeba miaka yote, na heshima zake nimezipokea bila kuzifanyia kazi. Leo nitazifanyia kazi. Leo mimi ni mama yako, na wewe ni mwanangu unayeondoka nyumbani, na nina maneno ambayo kwa mdomo siyawezi. Unanijua. Nikisimama mbele yako nitatazama vidole vya miguu yangu, nitasema "Safari njema, Baba," na yataishia hapo.

Umekwenda kusali alasiri na kuagana na mafundi wenzako. Mkokoteni utakuja baadaye kuchukua sanduku. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa koti lako, na utaisoma Itetemia, kwa Shangazi.

Baba Mkubwa amekucheka wiki nzima kwa hiyo Itetemia. "Kituo cha treni kiko pale, mtu akipiga chafya tunamjibu kutoka hapa barazani. Mdogo wangu anakipa mgongo kituo, anatembea mpaka Itetemia kulala, ili kesho arudi mjini kupanda treni! Hata hiyo treni itashangaa." Watu walicheka, na wewe ulicheka pia. Lakini Baba Mkubwa anajua sababu kama unavyoijua wewe, maana wote wawili mliisikia kwa Bibi.

Bibi alikuwa akisema kuwa baba yake, aliyebeba pembe na vitambaa begani kati ya hapa na pwani, hakuwahi kwenda mbali siku ya kwanza. Msafara ulitoka kwa ngoma na vigelegele, ukatembea kidogo tu, ukapiga kambi mahali ambapo bado wanasikia majogoo wa nyumbani. Aliyesahau kamba akairudia. Aliyesahau chumvi akairudia. Na yule ambaye moyo wake umebaki nyumbani, alirudi akaufuata, na hakuna aliyemcheka. Kambi ya kwanza haina aibu, ndivyo alivyosema. Lakini aliongeza neno ambalo wewe huwa hulitaji: aliyerudi kutoka kambi ya kwanza, kwa sababu yoyote ile, safari hiyo imemwisha. Hatoki tena kesho yake. Anangoja msimu mwingine.

Sasa wewe uko kambi ya kwanza. Na Baba Mkubwa atakuja huko kula chakula cha jioni, nimemsikia akimwambia mke wake. Atakula ugali wa Shangazi, atasifia mlenda, atajifuta mikono, halafu ataanza. Ninachotaka ni kwamba akianza, uwe umeshaisoma barua hii.

Maneno yake nayajua. Ameyasema barazani kwetu tangu siku ulipotoka kwenye mkutano wa chama cha mafundi ukatwambia kuwa umejiandikisha. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, ulisema, kuna kijiji cha watu waliorudi kutoka porini baada ya vita vyao vya uhuru. Wamejenga shule. Watoto wanakwenda darasani na matambara, na kuna cherehani za msaada zimekaa kwenye ghala, hakuna wa kuzishonea. Wameomba fundi wa kuwafundisha, akae mwaka mzima. Mshahara hakuna, ni chakula na pa kulala. Ulisema yote hayo kwa pumzi moja, na tangu siku hiyo umekuwa kama mtu aliyevunja chungu cha watu.

"Babu yetu alikwenda pwani na mzigo wa watu, akarudi na nguo," akasema Baba Mkubwa. "Wewe unakwenda na nguo zako. Utarudi na nini?"

Uliulamba uzi ukaupitisha kwenye sindano.

"Kujitolea ni kazi ya wasio na watoto! Kaulize. Watakupigia makofi siku ya kwanza, siku ya pili watakusahau, na siku ya tatu utaumwa homa katika nchi ambayo hata uji hujui unaitwaje."

Ukakata uzi kwa meno. Mama naye alikuwa akichagua mchele. Baadaye, tulipokuwa wenyewe, alikwambia sentensi moja tu: "Nenda, lakini usinitumie kanga. Njoo mwenyewe." Nafikiri hiyo ndiyo ruhusa nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia, na nafikiri wewe hukuisikia kama ruhusa. Uliinamisha kichwa kama umehukumiwa.

Kuchemsha maji, kufunga chandarua, kutokula embe bichi kabla ya safari, hayo yote Mama ameshakwambia, na kushona siwezi kukufundisha mimi ambaye hata pindo langu linakwenda mrama. Ila kuna njia moja nimekutangulia. Mimi nimeshakuwa mwalimu wa kujitolea na wewe bado. Kwa hili mimi ndiye mkubwa.

Unakumbuka nilivyokwenda Goweko. Nilikuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, na serikali ikatafuta vijana wa kufundisha watu wazima kusoma katika kijiji cha ujamaa. Baba Mkubwa alisema hivyohivyo: mtoto wa kike, hana sauti, akawafundishe wazee wenye mashamba ya tumbaku? Na bure? Wewe ukasema, "Ameniomba ruhusa, nimempa." Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kukusikia ukitoa mbele ya kaka yako. Kisha ukabeba sanduku langu mpaka kwenye lori. Sikukushukuru. Nilikuwa natazama vidole vyangu.

Darasa lilikuwa ghala la mbolea. Siku ya kwanza niliingia nikaona watu wa umri wa Bibi wamekaa kwenye magogo. Nikafanya ulivyonilea. Nikaanza mstari wa mbele: shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, mpaka sauti yangu, ambayo hata hivyo ni kidogo, ikaisha kabla sijaandika herufi moja.

"Mwalimu gani huyu anaamkia wanafunzi?" akauliza mzee mmoja.

Mwanamke aliyekaa nyuma akamrukia. "Ulitaka akamwamkie nani, mbuzi? Mtoto kalelewa huyo."

"Kalelewa, sikatai. Lakini shule ni shule. Mwalimu akiingia, darasa linasimama."

"Wewe hayo magoti yako yatakubali?"

Ghala zima likaangua kicheko. Mimi nikageukia ubao, nikaandika a, kisha nikashindwa kugeuka tena. Niliwafundisha kipindi kizima nikiwa nimewapa mgongo. Siku ile walijifunza kisogo changu.

Yule mwanamke wa nyuma jina lake ni Mama Kabula. Tulipotoka alinishika mkono. "Mwalimu," akasema, "utuamkie nje, mlangoni. Ukishavuka kizingiti, sisi ndio watoto, tutasimama. Tukitoka, wewe ndiye mtoto." Kesho yake wakafanya hivyo kweli. Nje nilipiga goti, ndani wakasimama, magoti yakilia kama kuni kavu. Na mimi nikapata sauti. Haikuwa kubwa, lakini ilifika kwenye gogo la nyuma.

Tangu hapo nimejua kuwa mtu anaweza kuwa mtoto upande mmoja wa mlango na mkubwa upande wa pili, na asiwe mwongo popote. Ndiyo maana leo ninathubutu kukuita mwanangu. Nimevuka kizingiti tu. Ukirudi nitakuwa binti yako tena na nitakuletea maji ya kunawa.

Sasa nikueleze nilivyoharibu, maana na wewe utaharibu, na ni bora ujue kuwa kuharibu hakukurudishi nyumbani.

Wanakijiji walianza kuniletea chakula. Karanga, mayai, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, siku moja kuku mzima aliyefungwa miguu. Nami nilikuwa nimetoka shuleni na kichwa kimejaa maneno. Nilijua kuwa mtumishi wa watu hapokei zawadi, kwamba zawadi ndogo ni mlango wa unyonyaji. Nikawashukuru, nikarudisha. Nikarudisha kila kitu! Nilipika uji wangu mwenyewe chumbani, mlango umefungwa, na nilijiona nimesimama imara kwelikweli. Baba, nilikuwa najivunia hata njaa yangu.

Darasa likaanza kupungua. Leo magogo mawili yako wazi, wiki inayofuata mstari mzima. Nikadhani ni uvivu. Nikaandika ubaoni ujinga ni adui, nikawasomesha neno hilo kwa ukali, wale wachache waliokuja, yaani niliwakemea waliokuja kwa kosa la wasiokuja. Wakapungua zaidi.

Niliyajua kisimani. Msichana mmoja wa rika langu aliniambia huku anacheka, akidhani nayajua: "Si unaogopa tutakuroga? Mtu asiyekula kwa mtu si anaogopa sumu?"

Ndoo niliiacha palepale. Nilikaa chumbani nikalia, nikafunga sanduku langu. Lori la tumbaku lilikuwa liondoke asubuhi. Ningepanda, hakuna ambaye angenizuia, na ningefika nyumbani nikasema wale watu hawafundishiki, na mngeniamini.

Nimefikiria sana kwa nini sikupanda. Sikuwa na ushujaa. Ni kwamba nilikuwa na njaa, na nilikuwa nimewakasirikia wote waliosema sitaweza, Baba Mkubwa akiwa wa kwanza. Hasira ya mtu mwenye haya ni kitu cha ajabu, haitoki mdomoni, inashuka miguuni. Miguu yangu ikanipeleka mpaka kwa Mama Kabula. Alikuwa uani, anafunga majani ya tumbaku kwenye fito tayari kwa kukaushwa. Sikuwa nimepanga maneno.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu."

"Mama, nina njaa."

Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu wa tumbaku. Halafu akapaza sauti kwa Kinyamwezi, na wanawake wa nyumba za jirani wakaitika, na sikuelewa yote, lakini neno *mwalimu* nililisikia likiruka kutoka ua hadi ua. Akanawa, akaniwekea ugali wa mtama na mlenda, akakaa mbele yangu kunitazama nikila. Wenzake wakaja mmoja mmoja wakasimama pembeni, kama watu waliokuja kuona gari. Nilikula mbele ya watu wote hao, mimi ambaye harusini huwa nakula nimegeukia ukuta. Nilipomaliza nikasema, "Nipo radhi kuongezwa," na Mama Kabula akapiga kofi pajani akacheka hadi machozi.

Darasa likajaa. Si wote waliorudi. Yule mzee aliyesema shule ni shule alirudi, lakini mwenzake mmoja hakurudi kamwe. Alikuwa na nyumba na miti yake ya asali upande wa pili wa bonde kabla ya watu kukusanywa kijijini, na siku nilipomfuata kumbembeleza aliniambia, "Mwanangu, wamenihamisha nyumba. Sasa mnataka kunihamisha na ulimi?" Nilimwamkia nikaondoka. Nakwambia hili kwa sababu na wewe utampata wa kwako, na pengine atakuwa na haki, na bado itakubidi asubuhi ufungue mlango uwafundishe wengine.

Mambo mazuri yalikuwa madogo, huwezi hata kuyasimulia barazani. Wakati wa kufunga tumbaku tulihamisha darasa uani, mikono inafunga majani na midomo inaimba silabi, ba be bi bo bu, hata watoto wa mgongoni wakazijua. Na kuna siku Mama Kabula alikuwa amejifunga kanga yake ya siku zote, akainamisha kichwa tumboni. Kidole chake kikaanza kutembea kwenye pindo. Se. Me. Ni. "Semeni mchana, mimi usiku nalala." Alisoma mara ya pili kwa sauti. Kisha akaruka: "Yesu wangu! Miaka yote hii kumbe namtukana jirani yangu! Kanga hii nilimwendea nayo msibani!" Jirani mwenyewe alikuwa amekaa gogo la pili, akajibu, "Usijisumbue, dada, hata mimi nilikuwa sijui kusoma. Ndiyo nakasirika leo." Tulicheka mpaka fito za tumbaku zikaanguka. Ukiniuliza nilirudi na nini kutoka Goweko, nilirudi na hiyo. Sitaibadilisha kwa mshahara wa mtu.

Baba Mkubwa akikuuliza tena utarudi na nini, mpe jibu hilo. Au usimpe kitu. Kula mlenda.

Lakini sijamaliza. Kuna jambo la leo asubuhi, na hili ni lazima ulijue kabla hajafika.

Ulipotoka kwenda kununua tiketi nilifungua sanduku la cherehani ili niweke kipande cha blanketi chini, isigonge njiani. Nikaona pengo. Ule mkono wa chuma wa kuzungushia cherehani haukuwapo. Miguu ya kukanyagia unaiacha hapa kwa kuwa huwezi kuibeba, kwa hiyo bila ule mkono, kichwa cha cherehani ni jiwe tu. Na wewe mwenyewe ulisema za kule ghalani zimekufa vyuma, kwamba yako ndiyo itakayoanza kazi. Nilitafuta chini ya kitanda, nikatafuta kwenye makapi ya vitambaa. Kisha nikakumbuka kuwa jana Baba Mkubwa alikuja ukiwa msikitini, akaomba kuiona cherehani "mara ya mwisho", na Mama akampeleka chumbani akarudi jikoni.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Ungefika Itetemia, ungefungua sanduku kama unavyofungua kila jioni kuipaka mafuta, ungeona pengo. Ungesema umesahau. Ungerudi nyumbani kuufuata. Na Baba Mkubwa angekupokea mlangoni kwa upole mkubwa, angesema, "Basi, mdogo wangu. Unajua Mama yetu alivyosema. Aliyerudi, safari imemwisha." Na wewe, kwa heshima ya Bibi, usingetoka tena.

Nilikwenda dukani kwake. Nilipita mlangoni mara ya kwanza, nikaendelea mbele mpaka kwa muuza mkaa, nikarudi. Alikuwa anapima chumvi.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Kama umetumwa sukari, hakuna. Hata ukinitazama hivyo, hakuna."

"Sikutumwa sukari."

"Sabuni nayo hakuna."

"Nimefuata mkono wa cherehani ya Baba."

Akacheka. "Cherehani ina mikono? Basi itakuwa imetembea. Mwambie baba yako ni ishara hiyo."

Maneno yangu yote yalikuwa yameisha. Basi nikafanya nililojifunza Goweko, kuomba mbele ya watu. Nilikuwa nimeshaomba, nikakaa chini, juu ya gunia la chumvi, pale mlangoni ambapo kila mteja lazima anipite.

Akaja mke wa fundi baiskeli. "Binti wa fundi, mbona umekaa hapa kama mgeni?"

"Nasubiri mkono wa cherehani ya Baba," nikasema.

"Uko wapi?"

"Kwa Baba Mkubwa."

Akamtazama Baba Mkubwa. Baba Mkubwa akajishughulisha na mizani. Akaja muuza mkaa, akaniuliza vilevile, nikamjibu vilevile. Kila nikilisema lilikuwa linazidi kuwa jepesi. Alipokuja imamu kutafuta mafuta ya taa na akainama kuniuliza nina nini, Baba Mkubwa alisema haraka, "Hana kitu, Sheikh, mtoto anapumzika," akaingia nyuma, akarudi na ule mkono. Aliuchomoa kwenye debe la karanga. Ulikuwa bado na maganda.

Sheikh alipoondoka nilidhani Baba Mkubwa atanipiga. Hakunipiga. Alikaa kwenye gunia jingine, tukawa tumelingana vimo.

"Wewe unaniona mbaya," akasema.

Nikaanza kuondoa maganda kwenye chuma.

"Yule ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni, mama yetu akiwa shamba. Mkubwa gani anakaa anamtazama mdogo wake akienda kutembea juu ya mabomu?"

"Vita vimekwisha, Baba Mkubwa. Redio imesema."

"Mabomu yaliyozikwa hayasikilizi redio, Mama."

Na yeye ameniita Mama, Baba. Hajapata kuniita hivyo. Nilishika chuma kile kwa mikono miwili, na nakiri kuwa kwa muda nilitaka kumrudishia. Sikuwa nimefikiria mabomu. Nilikuwa nimefikiria haki, na watu wanaokucheka, na kushinda. Nilimuuliza kama wewe unajua. Akasema unajua, mlishazungumza, na ulimwambia kuwa watoto wa kule wanapita njia hizohizo kwenda shule kila siku. Akasema, "Nilimwambia hao si watoto wako. Akanijibu nini? Akalamba uzi."

Kwa hiyo sasa nakuandikia nikiwa najua. Sitajifanya sijui. Ukienda unaweza kuumia. Pita palipopitwa, fuata nyayo za wenyeji, na usione haya kuuliza njia, ndugu yangu wa haya. Hili ndilo ninalokuomba zaidi ya yote. Wewe hupendi kuomba. Kifungo kikipotea unakitafuta kimya siku nzima na mwenye kuficha amekaa karibu yako. Huko omba. Omba chakula, omba njia, omba neno usilolijua. Mimi nilidhani kujitolea ni kutoa tu, na nusura nife njaa katikati ya watu waliokuwa wananililia nile.

Na Baba Mkubwa akija jioni hii, mpokee vizuri. Hana tena chuma mkononi, amebaki na maneno na mapenzi, na hivyo viwili ni vyake kwa haki. Mwache aseme. Kisha mjibu. Tafadhali, mara hii mjibu kwa sauti, usilambe uzi. Mwambie ulichoniambia mimi siku ya lori kwa kubeba sanduku bila kusema kitu. Mimi leo nimekaa juu ya gunia la chumvi mbele ya Mtendeni nzima, na sijafa. Na wewe hutakufa kwa sentensi moja.

Wale wanaosema mtu wa Tabora hufuata njia ile ya misafara kwa ajili ya faida tu, na waseme. Babu yenu alibeba mizigo ya wengine kwa sababu alilazimika kutafuta. Wewe unabeba wa kwako, na unakwenda kuutua kwa watu ambao hawakukuajiri. Sioni aibu iko wapi. Ningekuwa mwanamume ningekwenda na wewe. Kwa kuwa si mwanamume, nitarudi Goweko msimu ujao, nimeshaandikisha jina. Tumekuwa wawili sasa katika nyumba hii. Baba Mkubwa atucheke wote pamoja, atapumzika mapema.

Nasikia mkokoteni kwa jirani, lazima nimalize.

Bado naiamini kambi ya kwanza. Ukiamka alfajiri ukakuta moyo wako umebaki nyumbani, rudi uufuate, na mimi mwenyewe nitakufungulia mlango na atakayekucheka atanikuta. Lakini urudi kwa ajili ya moyo tu. Usirudi kwa kitu. Mkono wa cherehani nimeufunga ndani ya kipande cha kanga ya Mama, uko chini kabisa, juu yake blanketi. Mkasi upo. Nyuzi nyeupe na za kaki zipo, na mafuta ya mashine, na makaa yako ya pasi nimeyatia kwenye kopo ingawa umesema huko yapo. Miwani iko mfuko wa kushoto. Nimefungua sanduku nikalipanga upya, kisha nikalifunga kwa kamba ambayo Bibi alifungia vitu vyake, na fundo nililolipiga ni la kwangu.

Hujasahau kitu, mwanangu. Nenda.

Mama yako,
Nyamizi, binti yako